Mkono wa Ziwa Unaotunywesha: Historia Fupi ya Maji ya Kambarage



Ndugu wanachama, wazee wetu, vijana wetu, na wote mliotoka Kambarage mkaenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Mwanza, Geita, Kahama na kwingineko: kila mwaka kijitabu hiki huanza na hesabu. Mwaka huu tumeomba nafasi ya kuanza na historia, kwa sababu katika kikao kilichopita liliulizwa swali ambalo hesabu peke yake haiwezi kulijibu. Mjumbe mmoja alisimama akasema, "Maji ya Ziwa Viktoria yapo. Ya nini tena kuchangishana fedha za matangi ya mvua na miti?"

Swali lilikuwa la haki, na wengine walipiga makofi. Aliyeuliza anastahili jibu kamili, na jibu hilo linaanzia mbali kidogo, kwenye mkono mwembamba wa ziwa ambao wengi wetu tumeuvuka kwa feri mara nyingi bila kujua kwamba ndio unaotunywesha.

Jina la mvua

Tuanze na jina letu. Kata yetu, kama ulivyo uwanja wa mpira wa mji wetu, inabeba jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, siku ambayo, kama inavyosimuliwa, mvua kubwa ilikuwa inanyesha. Kwa Wazanaki, Kambarage ni jina la mzimu wa mvua, na mtoto akapewa jina hilo.

Basi sisi ni watu wa mji mkavu wenye jina la mvua. Shinyanga hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na mwaka wa wastani huleta kama milimita 700. Miezi inayobaki ni jua, vumbi na upepo. Mvua yenyewe ina tabia ya mgeni asiyetoa taarifa. Siku moja inajaza korongo hadi ukingoni, kisha inapotea wiki tatu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele.

Sisi tuliokulia hapa miaka ya 1980 na 1990 hatuhitaji kuhadithiwa. Tunakumbuka foleni za ndoo bombani, jiwe likiwekwa kushika nafasi ya mtu aliyekwenda kupika uji. Tunakumbuka visima vya mchanga vilivyochimbwa kwa mikono ndani ya mto Mhumbu ukiwa umekauka, ambapo mtu alichota kwa kikombe na kusubiri maji yajikusanye tena. Tunakumbuka wauza maji wenye baiskeli zilizofungwa madumu manne, na mikokoteni ya punda. Tunakumbuka pia kwenda shule na fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili. Chanzo cha mji kilikuwa bwawa la Ning'hwa, na bwawa likishuka, mji mzima ulijua.

Mkono wa ziwa

Watu wa pwani ya bahari wana wangwa zao, pale maji ya chumvi yanapoingia ndani ya nchi kavu na kutulia nyuma ya mikoko. Sisi wa bara tunalo la kwetu linalofanana nazo. Ukitazama ramani ya Ziwa Viktoria, upande wa kusini utaona ziwa limenyoosha mkono mrefu kuelekea kwetu. Sehemu kubwa ya mkono huo leo inaitwa Ghuba ya Mwanza. Ramani za zamani ziliuandika Smith Sound, na jina hilo limebaki zaidi kwa ncha yake nyembamba ya kusini.

Ghuba hii ina urefu wa kilomita 60 hivi. Upana wake ni kati ya kilomita mbili na nusu na kumi na moja, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 500. Upande wa mashariki ni Mwanza na Misungwi, na upande wa magharibi ni Sengerema, ukiendelea kuelekea Geita. Mdomoni kina kinazidi mita 20, lakini kadiri unavyokwenda kusini maji yanapungua kina hadi yanaishia kwenye mafunjo na matope.

Umbo hilo lina sababu. Ziwa Viktoria ni pana sana, karibu kilomita za mraba 68,800, lakini halina kina kikubwa: sehemu yenye kina kuliko zote ni mita 80 na kidogo tu. Ni kama sinia lililojaa maji. Lilijaa pale ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka na kuzuia mito iliyokuwa ikielekea huko, na maji yakarudi nyuma na kufunika mabonde. Wataalamu wanasema kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, baada ya ukame mkali, ziwa lilijaa upya likiwa limekauka. Ghuba yetu ni mojawapo ya mabonde hayo yaliyomezwa na maji. Mito ya Isanga na Magogo-Moame inaingia humo hadi leo.

Kwa hiyo mkono huu unapumua pamoja na ziwa. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua kubwa zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, na mashamba ya kandokando yakaliwa na maji. Miaka ya ukame maji hurudi nyuma na kuacha tope jeusi, watu wakalima mpunga na mboga.

Mgeni wa mwaka 1858

Mkono huu ndio uliokuwa mlango wa wageni. Mwezi Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa. Alielekea kaskazini kupitia nchi ya Wasukuma akiwa na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay, mtu mwenye asili ya Wayao aliyekuwa amechukuliwa utumwani utotoni, akaishi India na kurudi Afrika. Tarehe 30 Julai waliona kwa mara ya kwanza maji ya mkono huu. Waliufuata kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti, kutoka kilimani karibu na Mwanza, wakaliona ziwa lenyewe likienda hadi macho yanapoishia.

Speke akalipa ziwa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, yaani maji makubwa, na inasemwa kuwa jina la Mwanza limetokana na neno hilo. Hata jina la Wasukuma ni habari ya dira, maana sukuma ni kaskazini. Ni watu wa kaskazini, wa upande wa ziwa.

Speke alidai kuwa ndiko Mto Nile unakoanzia. Waliobishana naye Ulaya walikuwa wengi, lakini historia ilimpa haki. Jambo hilo, ambalo kwa wazee wetu wa wakati ule halikuwa na maana yoyote, lilikuja kuamua nani ataruhusiwa kunywa maji ya ghuba hii.

Mvua yetu inakwenda wapi

Hapa tunawaomba wasomaji wetu watulie kidogo, kwa sababu jambo hili wengi hatukufundishwa. Mvua inayonyesha Kambarage haiendi Ziwa Viktoria. Kati yetu na ziwa kuna mgongo wa ardhi, mpole kiasi kwamba ukiwa ndani ya basi huuoni. Kaskazini ya mgongo huo maji yanakwenda ziwani, kisha Nile, kisha Misri na bahari ya Mediterania. Upande wetu, maji ya Mhumbu yanakwenda mto Manonga, yanashuka mbuga za Wembere, yanafika Ziwa Kitangiri na kuishia Ziwa Eyasi, ziwa la magadi lisilo na njia ya kutokea.

Maana yake ni kwamba kwa umbile la nchi hatukuwa na mgawo wowote katika ziwa tulilolisikia jirani. Mvua yetu ilikuwa ikipita mbele ya milango yetu na kwenda kukauka kwenye chumvi.

Wajerumani waliliona hilo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa na mpango wa kuchimba mfereji kutoka Smith Sound, kuvuka mgongo huo wa ardhi na kumwagilia mbuga za Wembere ili zilimwe pamba. Vita vikaja, koloni likawatoka, mfereji ukabaki kwenye karatasi.

Waingereza walipochukua nchi walikuwa na masilahi Misri. Mwaka 1929 waliandikiana na Misri mkataba uliosema kwamba hakuna kazi ya umwagiliaji au umeme itakayofanywa kwenye Nile na maziwa yake, katika nchi walizozitawala, kwa namna ya kuipunguzia Misri maji bila ridhaa yake. Tanganyika haikuulizwa. Mtu wa Misungwi mwenye ziwa mbele ya nyumba yake alikuwa amefungwa na karatasi zilizosainiwa Cairo.

Mwaka 1962, nchi ikiwa huru kwa miezi michache tu, serikali ya Tanganyika, ikifuata msimamo wa Mwalimu, iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na mkataba huo wa 1929. Ndiyo maana tunasema jina la kata yetu halikukosewa. Mlango wa maji tunayokunywa leo ulifunguliwa na Kambarage mwenyewe, ingawa ilichukua zaidi ya miaka 40 kwa mtu kupita katika mlango huo.

Bomba la Ihelele

Katikati ya miaka ya 2000 serikali iliamua kuyatoa maji ziwani na kuyaleta Kahama na Shinyanga, kwa fedha zake yenyewe. Misri ilionyesha wasiwasi, na jibu la Tanzania lilikuwa lile lile la 1962. Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete aliuzindua mradi huo, unaoendeshwa na mamlaka iitwayo KASHWASA.

Safari ya maji hayo inaanzia Ihelele, wilayani Misungwi, kwenye ukingo wa ghuba tuliyoieleza. Hapo yanavutwa na kusafishwa katika mtambo uliojengwa kwa uwezo wa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Yanasukumwa kwa pampu hadi kilima cha Mabale, na kutoka hapo yanateremka kwa uzito wake yenyewe. Njia zinagawanyika kwenda Kahama na kuja kwetu. Kile ambacho mfereji wa Mjerumani haukukiweza, yaani kuyavusha maji juu ya mgongo wa ardhi, kilifanywa na bomba.

Tunakumbuka mama zetu walivyopokea maji hayo. Mama mmoja wa mtaani kwetu alifungua koki usiku, akaifunga, akaifungua tena, mpaka mume wake akamwuliza kama anaichezea. Alisema anahakikisha. Kwa mtu aliyeamka saa tisa za usiku kwa miaka 30 kutafuta ndoo mbili, kuhakikisha ni haki yake.

Sasa tuulize swali la kihasibu: mapato haya yana chanzo kingapi? Kimoja. Ni ghuba moja, mtambo mmoja, pampu zinazotegemea umeme na bomba kuu moja. Tangu wakati huo maji hayo hayo yameendelezwa kutoka Solwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Hatuna kinyongo, maana nao walikuwa na kiu kama sisi. Lakini mtu yeyote anayeshika vitabu vya hesabu anajua kwamba familia ikiongezeka na mshahara ni ule ule, akiba haikwepeki.

Ghuba nayo ina yake

Kuna jambo la pili, nalo ni afya ya mkono wenyewe. Ghuba nyembamba yenye maji haba haijisafishi haraka kama ziwa wazi. Kila kinachoteremshwa na mito kinakaa.

Mto Isanga unapita katika nchi ya dhahabu. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita tangu miaka ya 1890, na mgodi mkubwa wa kwanza ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi wa sasa wa Geita ulianza mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Bulyanhulu wenyewe huvuta maji yake Smith Sound, kwa hiyo mgodi na sisi tunakunywa kwenye bakuli moja. Kuzunguka migodi hiyo wapo maelfu ya wachimbaji wadogo, wengi wao ndugu zetu na vijana wa kata hii hii. Wanasaga mawe kwa karasha, wanaosha mchanga kwenye mialo na kukamata dhahabu kwa zebaki. Neno mwalo ziwani ni mahali pa kushusha samaki, na machimboni ni mahali pa kuoshea dhahabu. Mvua ikinyesha, mialo hiyo miwili inaunganishwa na mkondo mmoja.

Hatuandiki haya kuwalaumu wachimbaji. Ada za shule za wengi wetu zimetoka huko, na hata michango ya umoja huu. Tunaandika ili tujue kwamba zebaki inayomwagwa bondeni inaweza kutusubiri chini ya bonde.

Kinachotulinda kwa sehemu kubwa ni mafunjo ya ncha ya kusini. Yanapunguza kasi ya maji, yanakamata tope, na ni mazalia ya samaki kama kambale na kamongo. Yakichomwa au kufyekwa kwa ajili ya mashamba, tope lote linaingia ghubani. Ziwa limeshatuonyesha jinsi mambo yanavyoweza kubadilika ndani ya umri wa mtu mmoja. Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alifika kwa wingi Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zilizokuwamo zikatoweka mbele ya macho ya watafiti. Mwishoni mwa miaka hiyo yakaja magugu maji. Hakuna lililopiga hodi.

Akiba yetu wenyewe

Historia ya Shinyanga inatupa pia somo la matumaini. Kuanzia miaka ya 1920 misitu ya mkoa huu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikaongezeka, hadi nchi ikabaki tupu na watu wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Uliporudi kwa wananchi, haukuleta kitu kigeni. Ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho ya kiangazi na kuliacha lipumzike. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000. Babu zetu walikuwa na neno la akiba kabla ya benki kufika, na neno hilo ni ngitili.

Tunachopendekeza ni ngitili ya maji. Hesabu yake ni rahisi, na tunaomba kila mmoja aikague. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Jengo la madarasa lenye paa la mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 700, linapokea lita 140,000 kwa mwaka. Tukitoa moja ya tano kwa maji yanayomwagika na kukauka, zinabaki lita 112,000. Tangi la lita 50,000 kwenye jengo hilo lingejaa zaidi ya mara moja katika msimu. Shule yenye wanafunzi 500, kila mmoja akipewa lita moja ya kunywa kwa siku ya masomo, ingekunywa kwenye tangi hilo siku 100. Hizo zinatosha kuvusha sehemu kubwa ya kiangazi hata bomba likipasuka au umeme ukikatika.

Tangi halitachukua nafasi ya bomba, na hatudai hivyo. Linachukua nafasi ya kidumu anachobeba mtoto wa darasa la pili asubuhi.

Mchango wa mwaka huu utakwenda katika mambo mawili. La kwanza ni matangi ya kuvuna mvua kwenye shule za msingi za kata yetu, tukianza na moja na kuendelea kadiri fedha zitakavyoruhusu. La pili ni miche ya miti ya asili kwa ajili ya kingo za makorongo yanayoelekea bwawani Ning'hwa, ili tope lisilijaze. Bwawa hilo lilitulea, na siku Ihelele ikipata homa tutalikimbilia tena. Mapato na matumizi yatasomwa kwenye mkutano mkuu, risiti kwa risiti, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kuzikagua kabla ya hapo.

Mjumbe aliyeuliza swali mwaka jana, tunakushukuru. Umetulazimisha kutafuta tulikotoka. Jibu letu ni hili: maji ya ziwa tumeyapata baada ya mkataba kukataliwa, mgongo wa ardhi kuvukwa na fedha ya nchi nzima kutumika. Mvua inayoanguka juu ya mapaa yetu haihitaji ruhusa ya Cairo wala pampu ya Ihelele. Imekuwa ikipita hapa kila mwaka kwenda Eyasi, na hatujawahi kuikaribisha ndani.

Fomu ya ahadi imeambatanishwa mwishoni mwa kijitabu hiki. Aliye na kikubwa alete, aliye na kidogo alete, na aliye na mikono aje kuchimba mashimo ya miti mvua za kwanza zikianza.



Kwa niaba ya Kamati ya Fedha na Historia ya umoja wetu.